Elirehema Asiyemwamkia Baba

Kila nikisali namtaja Daktari Agnela, na namwomba Mungu amsahaulishe maneno niliyomwambia siku ile tulipokutana.

Kisa ni kaka yangu, Elirehema. Mwaka 1995 alikuwa na miaka thelathini na mmoja, seremala mzuri kabla ya kuugua, mtu asiyejua kugombana. Alimwamkia mama, nami alinisalimia vizuri tu. Lakini alimpita baba njiani pale kijijini kwetu Kikwe mchana kweupe, kimya, mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Kwetu Meru mkubwa haanzi salamu. Husimama akaingoja shikamoo yake, na baba alisimama akangoja.

Mwisho akamwambia asikanyage nyumbani mpaka ajifunze adabu. Nikamchukua akae nami mjini, Kaloleni, kwenye chumba nilichopanga baada ya kuanza kuuza mitumba. Tulijua anaumwa. Hospitali walishasema ni skizofrenia, na sindano ya kila mwezi ilikuwa imezinyamazisha zile sauti alizozisikia peke yake. Hapo ndipo baba alipozidi kukasirika.

“Kama dawa imemkubali,” alisema, “basi hii ni jeuri.”

Nami nilikubaliana naye. Tukiwa njiani nilikuwa namfinya kaka yangu ili aamkie kila mzee alipokaribia.

Siku moja kliniki tukamkuta Daktari Agnela, mama wa Kichaga aliyekuwa akifanya utafiti kuhusu namna wagonjwa wa skizofrenia wanavyoona. Alimwekea kaka karatasi iliyojaa vistari vifupi vilivyotawanyika.

“Humu kuna duara. Liko wapi?”

Nikamjia juu. “Daktari, sisi tumefuata sindano, wewe unatuletea michezo ya chekechea? Huna kazi?”

Mimi duara nililiona papo hapo, maana vistari kadhaa vilikuwa vimejipanga kulifanya. Elirehema aliweka kidole kwenye kistari kimoja, akahamia kingine, akatafuta mpaka jasho likamtoka. Hakuliona.

“Na uso wa mtu je?” daktari akauliza taratibu.

“Naona pua. Naona jicho, naona kofia. Mtu mwenyewe anachelewa kutokea. Akisema, namjua kwa sauti.”

“Mbona hukutuambia?” nikamaka.

“Nilidhani wote mnaona hivyo, ila ninyi ni wepesi.”

Daktari akanieleza kwamba macho yake ni mazima, ila ubongo unachelewa kuunganisha vipande. Si wagonjwa wote wako hivyo, alisema, na sindano haikuwa dawa ya jambo hilo.

Niliona aibu. Mama huanza kuongea akiwa bado migombani. Mimi sinyamazi, mnanisikia. Baba peke yake ndiye aliyenyamaza, akingoja heshima yake.

Nikaiomba ile karatasi, nikaenda nayo Kikwe siku hiyohiyo.

“Baba, humu duara liko wapi?”

Akavaa miwani. “Si hili hapa?”

“Elirehema hakuliona. Na uso wako pia haumtokei, mpaka useme.”

Aliitazama karatasi kwa muda mrefu, akanirudishia, akaenda kuwakatia ng'ombe majani. Nilirudi mjini nikilia kwa hasira.

Jumamosi nikampeleka kaka Kikwe bila ruhusa ya mtu. Kama angefukuzwa tena, nilitaka afukuzwe mbele yangu. Karibu na nyumbani tukamwona baba amesimama kando ya njia. Nikajizuia nisimwambie kaka ni nani.

Baba akavua kofia.

“Elirehema,” alisema. “Ni mimi. Ni Philemoni, baba yako.”

Mzee mzima wa Kimeru, anajitambulisha kwa mtoto wake! Machozi yakanitoka.

“Shikamoo, baba,” alisema kaka haraka.

Baba akafungua mdomo, sauti ikagoma. Elirehema akangoja. Aliposikia kimya, akainamisha kichwa na kugeuka kurudi tulikotoka. Baba akamkimbilia, akamshika bega kwa mikono yote miwili.

“Marahaba, mwanangu. Marahaba. Sikukasirika, nilishindwa tu kusema. Kuanzia leo nitaanza mimi.”

Kisha akatangulia mbele yetu, mtu yule asiyependa maneno, akiongea njia nzima mpaka nyumbani.