Jicho Ndani ya Kidaka

Mwanangu, iko siku moja ambayo kila nikiikumbuka mgongo wangu hunyooka wenyewe. Nywele zangu zilikuwa nyeusi bado, nami nilikuwa mfanyakazi wa usafi katika nyumba moja ya wageni kule Shela. Ilikuwa nyumba ya kale ya mawe, yenye vidaka ukutani, vile vijumba vidogo ambavyo wakubwa wetu walipangia vyombo vyao vya kauri. Wanawake tulipewa chumba chetu ghorofani. Humo tulivua mabuibui tukavaa nguo za kazi, humo tulisali adhuhuri, na humo tuliketi vichwa wazi bila wasiwasi.

Asubuhi hiyo meneja alitukusanya uani, wanaume kwa wanawake, kama alivyozoea kabla ya kazi. Alikuwa kijana hodari, ila ulimi wake ulimtangulia. Akamgeukia Zuhura, mwenzetu wa jikoni.

"Zuhura, na hizo nywele zinazokung'oka, jikoni sikutaki tena. Kuanzia leo utafua mashuka."

Wanaume wengine walicheka, kisha wakaona haya. Zuhura aliinama kama aliyepigwa. Ni kweli alikuwa na maradhi yaliyomtoa nywele, lakini hata mamake alimficha. Mimi nilijua kwa sababu tulibadilisha nguo pamoja. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ilikuwa mimi.

Tulipofika ngazini alinishika mkono. "Umemwambia?"

"Wallahi, sikufungua kinywa."

Alinitazama machoni. Mwanangu, hakuna jambo zito kama kutazamwa na rafiki asiyejua kama akuamini. Ndipo fikira ikanijia: ikiwa si mimi, na Zuhura havui ushungi ila katika chumba kile, basi chumba chenyewe ndicho kilichosema. Tukapanda, tukapekua. Katika kidaka cha juu kabisa, nyuma ya bakuli la kauri, palikuwa na kamera ndogo, jicho lake limeelekezwa pale pale tulipokuwa tukivulia nguo.

Tulimwendea meneja. Hakukana.

"Vitu vya wageni vinapotea," alisema. "Chumba ni cha nyumba hii, na nyinyi ni wafanyakazi wa nyumba hii. Asiyependa, mlango uko wazi."

Nilirudi Amu, yaani Lamu mjini, nimeazimia kuacha kazi kimyakimya. Nilikuwa nikiishi na Bi Time, dada yake bibi yangu, ambaye ndiye aliyekuwa akiwaosha maiti wa kike wa mtaani kwetu. Nilimweleza yote, nikamwambia kesho siendi.

"Mwivi ameingia nyumbani, kisha ukimbie wewe?" aliniuliza. "Ukitoka wewe yeo, kesho atakuya mwana wa mwenzio, na jicho li pale pale."

"Tukishitaki watu watajua, Bibi. Ni aibu."

"Aibu ni ya nani?" Sauti yake ilipanda, naye hakuwa mtu wa kupandisha sauti. "Mimi huosha maiti tangu ujana wangu. Niliyoyaona nitazikwa nayo. Wale wamekufa, hawawezi kunidai neno, na bado nimewatunzia sitara yao. Wewe u hai, una ulimi, waiwata sitara yako, waiacha mikononi mwa mtu?"

Kukicha, mimi na Zuhura tulikwenda kwa wakili mmoja pale Amu, binti wa kisiwa cha Pate mwenye maneno machache. Alitusikiliza mpaka mwisho. Akatuambia Katiba ya nchi imempa kila mtu haki ya faragha yake, na haki hiyo haivuliwi langoni mwa kazi. Tajiri aliyekuajiri anaweza kulinda ghala na mlango wake, lakini hawezi kumchungulia mtu akivaa nguo, wala kutangaza maradhi yake hadharani.

"Kukuajiri si kukumiliki," alisema. Kisha akamgeukia Zuhura. "Lakini jambo ni lako. Wataka nini?"

Zuhura alifuta uso. "Nataka maneno yale ayarudishe pale pale alipoyasemea."

Jioni ile tuliwaeleza wenzetu, na siku ya pili hatukupanda ghorofani. Wanawake wote wa nyumba ile tulisimama uani na mabuibui yetu. Wageni wakingoja chai, vitanda vikingoja kutandikwa. Mwenye nyumba, Bwana Aboud, akaitwa. Akaja, na wakili wetu naye akaingia.

Wakili alieleza. Meneja akajitetea kwamba alikuwa akilinda mali.

Bwana Aboud akamwuliza jambo moja tu. "Picha hizo umezitazama wewe?"

Meneja alitazama chini. "Mimi... na fundi aliyeiweka kamera."

Uso wa yule mzee ulibadilika. Wakili akasema kwa upole, "Bwana, likimalizika hapa kwa haki, tutashukuru. Lisipomalizika, mahakama iko Amu, si mbali."

Likamalizika pale pale. Kamera ilitolewa kidakani, na picha zikafutwa mbele ya wakili na Zuhura. Kisha meneja akasimama mbele ya wale wale waliocheka, akasema, "Zuhura, nimekukosea. Sikuwa na haki ya kuona, wala ya kusema. Niwie radhi." Zuhura aliinua kichwa, akamjibu, "Nimesikia," akaenda zake jikoni kwake, mahali pake. Nani aliyeanza vigelegele sijui, lakini vilisikika mpaka ufuoni, na wageni wakatoka vyumbani wakidhani kuna harusi. Baada ya muda mfupi nyumba ile ikapata meneja mwingine. Nami nilikaa pale mpaka nilipoacha kwa hiari yangu.

Sasa sikiliza, mwanangu. Siku hizi iko sheria mahsusi ya kulinda taarifa za mtu, na iko ofisi ya kupeleka malalamiko, mambo ambayo sisi hatukuwa nayo. Anayekutaka alama ya kidole, picha, au habari za afya yako, muulize kwa adabu: ni za nini, nani ataziona, zitakaa wapi? Kuuliza si utovu wa heshima. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na ni kweli. Maradhi mwambie tabibu. Lakini hawakusema uchi huo uanikwe kwa kila apitaye. Ukionewa, usinyamaze kwa haya, maana haya ni ya aliyechungulia. Tafuta wenzako, tafuta sheria, simama. Na siku ukiwa wewe ndiwe mkubwa wa kazi, yaliyo ya watu yabaki ya watu.

Mola akupe ulimi wa kudai haki na kifua cha kutunza amana. Akusitiri wewe na kizazi chako, duniani na akhera, wala asikuonyeshe siku ya kuinamisha kichwa mbele ya dhalimu. Amin.