Pete ya Zambarau ya Yustina

Siku moja naikumbuka vizuri, mwanangu. Nimesimama dukani kwa sonara Mbeya mjini, vumbi la mbao za Mafinga bado limo kwenye nywele, nataka pete ya kumchumbia Yustina. Ukutani kulikuwa na picha ya vito, kila mwezi wa kuzaliwa na jiwe lake. Nikasema kwa sauti ya mwenye hela, "Nipe la Julai. Lile jekundu."

Nakwambia haya kwa sababu jana nimekuona unapekua vito kwenye simu, unamtafutia mchumba wako zawadi. Vizuri. Mimi shule niliishia darasa la tatu, ila jambo hili nalijua kuliko simu yako.

Yustina alikuwa na kidonda. Kwao Mafinga walizaliwa tisa, yeye wa sita, na aliwahi kuniambia, "Mama hakumbuki hata nilizaliwa lini. Alishachoka na watoto." Alicheka, lakini macho hayakucheka. Nikaamua awe na jiwe lake, asilogawana na ndugu yeyote. Mwezi niliutoa kwenye kadi yake ya ubatizo.

Sonara alikuwa mzee wa Iyunga, miwani yake imefungwa uzi. Akaniuliza, "Julai umeitoa wapi?"

"Kwenye kadi ya ubatizo, kijijini kwao Mafinga."

"Kijana, huko kwao padre alikuwa anafika lini? Si barabara zikikauka? Basi watoto wa mwaka mzima wanaandikwa wote wa Julai! Hata mimi ni wa Julai, na wadogo zangu wote. Nenda kamuulize mama yake. Ukitaka nitakuuzia hilo hilo, lakini atavaa jiwe la mtu mwingine."

Niliudhika. Maana kwa desturi ya kule, mkwe hamsogelei mama mkwe. Nikimwona njiani nilikuwa naingia msituni apite. Ikabidi nimtume shangazi yake Yustina. Akashika kiuno.

"Mwezi aliozaliwa? Unataka kumpeleka kwa mganga, wewe Msafwa wa Mbeya?"

"Nataka kumnunulia pete, shangazi."

"Mh! Siku hizi pete inauliza mwezi?"

Lakini alikwenda. Aliporudi, utani ulikuwa umemwisha. Alisema mama wa watu hata hakufikiri, alijibu papo hapo: "Nilikuwa natoka kanisani kupakwa majivu na katekista. Kwaresima iliwahi, ilikuwa bado Februari, mahindi hayajatoa ndevu. Uchungu ukanishika njiani, nikamzaa kwenye kibanda cha wagema ulanzi, pale kwenye mianzi wanayoigema pombe. Nilipomwinamia, majivu ya paji langu yakampaka na yeye."

Jiwe la Februari ni la zambarau. Nikarudi kwa sonara, safari hii nikiwa mpole.

Siku ya kumvisha, Yustina akaikodolea macho ile pete. "Mbona zambarau? Mimi si wa Julai?" Nikamsimulia yote, majivu na kibanda cha ulanzi. Kisha akaniacha nimesimama mbele za watu, akaenda moja kwa moja jikoni kwa mama yake. Mimi huko siruhusiwi kukanyaga. Nikakaa uani na shangazi, tunawasikia wanacheka na kulia. Sikumsikia tena akisema mama yake hakumbuki.

Basi mwanangu, nisikilize. Mwezi wa mtu usiiulize simu wala kadi. Muulize aliyemzaa, na desturi ikikuzuia, tuma mtu. Ukishaujua, nunua jiwe unaloliweza, hata liwe dogo kama punje ya ulezi, na siku ya kumpa umpe na habari yake. Bila habari yake umempa kokoto linalong'aa.

Mungu akubariki wewe na huyo binti. Awape watoto, na kila mmoja aambiwe alivyopokelewa. Na pete yako ikae kidoleni kwake kama ya mama yenu hapa, ambayo siku hizi haivuki tena kifundo, hata akinikasirikia akataka kunirudishia.