Maji ya Mvua kwa Gari la Ami

Wenzangu wakinusa siki hukumbuka achari ya maembe na biriani ya harusini. Mimi nikinusa siki nakumbuka kioo cha gari. Juzi mume wangu alimwaga chupa nzima jikoni, na kabla sijapata kitambaa cha kufutia nilikuwa nimesharudi uani kwetu Kiembe Samaki, mtoto wa miaka tisa, kipande cha kanga mkononi, namngojea Baba aniambie, "Haya, Zule, futa." Mume wangu akaniuliza mbona nimenuna. Nikamwambia siki imeniingia machoni.

Gari lenyewe halikuwa letu. Lilikuwa la Ami Nassor, kaka yake Baba, aliyehamia Maskati kabla sijazaliwa. Nyumba tuliyokaa ilikuwa yake pia. Ada yangu ya skuli aliileta yeye, mchele wa Ramadhani aliuleta yeye, na friji letu lilikuja ndani ya kontena lake likiwa na vibandiko vya Kiarabu ambavyo Mama alikataa kuvibandua, maana vilikuwa pambo. Baba alikuwa akichoma mishkaki Forodhani kila jioni. Kazi ile ilitupa kitoweo na mafuta ya taa. Vilivyobaki vyote vilikuwa vya Ami.

Gari liliposhushwa bandarini, saluni ya buluu iliyoiva, Ami alimwambia Baba kwenye simu, "Nitunzie, mdogo wangu. Nikija niikute kama ilivyotoka melini." Hakusema liendeshwe wala lisiendeshwe. Baba akaamua mwenyewe kwamba ni amana, na amana haichezewi. Aliliwasha kila baada ya siku chache, akaliacha lingurume pale pale uani, kisha akalizima. Mara nyingine alilisogeza kidogo ili matairi yasilale upande mmoja. Safari ndefu kabisa niliyowahi kusafiri ndani ya gari lile ilianzia chini ya mwarobaini na kuishia penye karo la kufulia. Nilikaa mbele, nikafungua kioo, na nikawapungia mkono kuku.

Tabu ilikuwa maji. Kisiwa chetu kimekaa juu ya jiwe, na maji ya kisima chetu yalikuwa mazito, yenye ladha ya chumvi. Ukiyaacha yakaukie ndani ya sufuria yanabakisha utando mweupe ambao hata mchanga hauuondoi. Mara ya kwanza Baba aliliosha gari kwa maji hayo, tena juani, akaenda zake kuswali adhuhuri. Aliporudi akalikuta limejaa madoa meupe toka juu mpaka chini, kama mtu aliyeshikwa na tetekuwanga. Alikaa kwenye ngazi, akashika kichwa. Kutwa nzima ya pili yake alisugua doa moja moja kwa siki iliyochanganywa na maji, mpaka vidole vikambabuka, na nyumba nzima ikanuka kachumbari. Mama alisema kwa sauti ndogo kwamba kama ni gari la kuliwa, sasa limeiva.

Tangu hapo Baba akawa bingwa. Gari likaogeshwa kwa maji ya mvua tu. Alifunga mfereji wa bati ukingoni mwa paa, chini akaweka pipa lenye kifuniko, mdomoni akatandika kipande cha chandarua. Mvua ya mwanzo aliiacha ipite kwanza, iondoe vumbi na uchafu wa kunguru, ndipo akinge. Aliosha asubuhi mapema, gari likiwa kivulini na bodi yake imepoa. Aliligusa kwanza kwa kiganja, kama anayempima mtoto homa. Alianza paani akiteremka, upande mmoja kwa mmoja, na kila upande aliusuuza kabla povu halijakauka. Wakati wa kusuuza hakurusha maji. Aliyamimina polepole kwa jagi kutoka juu, yateremke kwa pamoja na kukokota matone yote njiani.

Hapo ndipo ilipoanza kazi yangu. Kanga mpya haifai, inasukuma maji bila ya kuyanywa. Inatakiwa kanga kongwe ya Mama, iliyofuliwa mpaka maandishi yake hayasomeki. Kipande cha kwanza kilikuwa kibichi, kimekamuliwa vizuri, cha kuondoa maji mengi. Cha pili kilikuwa kikavu, cha kumalizia. Husugui, unalaza kitambaa na kukivuta. Kisha unafungua milango na buti, unafuta pembeni mwote, halafu unangoja kidogo na kurudi kwenye vioo vya ubavuni, kwa sababu vile huficha maji ndani na kuyadondosha ukishageuka. "Hivi vina hila," Baba aliniambia, nami nikacheka. Nilimpenda sana asubuhi zile. Alizungumza na mimi kama na mtu mzima, na tulipomaliza tulisimama bega kwa bega, au tuseme bega kwa kiuno, tukijitazama kwenye mlango wa gari la buluu.

Sisi wenyewe tulikoga maji ya kisima. Sabuni haikutoa povu, na nywele zangu zilikuwa ngumu kama makumbi. Maharage yalikaa jikoni toka asubuhi na mchana bado yanagonga meno. Siku moja Mama aliteka ndoo ya pipani ili ayaivishe, na Baba akamkuta.

"Maji hayo yana kazi yake," alisema.

"Na matumbo ya watu?" Mama alimuuliza.

Baba akairudisha ndoo pipani. Ijumaa Ami alipopiga simu, kama kawaida yake, swali lake la kwanza lilikuwa, "Gari vipi?" La pili ndilo, "Mama vipi?"

Mama yao, bibi yangu, alikaa Bwejuu peke yake, na alikuwa bado akilima mwani ingawa miguu ilikuwa imeanza kumvimba. Alhamisi moja, mimi na Baba ndiyo kwanza tumemaliza kufuta gari, jirani wa Bibi akapiga simu. Bibi hawezi kusimama, pumzi inamkatika, na wa kituo cha afya wamesema afikishwe hospitali ya mjini leo hii. Baba akaichukua simu, akaenda nyuma ya nyumba. Alikaa huko kitambo. Aliporudi alisema, "Hapatikani."

"Nani hapatikani?" Mama aliuliza.

"Nassor. Simu yake haiiti."

"Na Nassor tunamtaka wa nini, Baba Zule? Gari hiyo hapo, ufunguo unao."

"Gari ya mwenyewe. Sina idhini."

"Mwenyewe ni mwana wa huyo mgonjwa."

Baba alitoka kumtafuta Makame, jirani aliyekuwa na pikapu ya kubebea mchanga. Mama akatupa godoro nyuma ya pikapu kwa hasira, vumbi likaruka, akapanda, na mimi nikapanda nyuma yake kwa kuwa hapakuwa na wa kuniachia. Baba alikaa mbele na Makame. Lile gari la buluu lilibaki kivulini, halina hata tone.

Bibi tulimkuta kakaa kitako kitandani, kajifunga kanga zake mbili, tayari. Nilimwamkia, "Shikamoo, Bibi," naye akaniitikia kwa kichwa tu, pumzi haikumtosha. Walimlaza kwenye godoro, kichwa mapajani mwa Mama. Tulipofika Jozani Makame alipunguza mwendo kuwapisha kima punju waliokuwa wakikatiza barabara, na hapo hapo mvua ikatushukia. Hatukuwa na turubai. Mama alivua buibui lake, akamfunika Bibi uso na kifua, na yeye mwenyewe akabaki na gauni, mtu ambaye sikuwahi kumwona barabarani bila ya buibui. Mvua ilinyesha ile nzuri, nene, safi. Ilimrowesha Bibi mpaka godoro likawa linatoa maji kila pikapu iliporuka shimo.

Kiembe Samaki kulikuwa kukavu. Mama akasema apitishwe nyumbani kwanza, abadilishwe nguo, asifikishwe hospitali na ubaridi ule. Walipomteremsha, Bibi akaegemea gari kwa kiganja, juu ya boneti, ili ashike pumzi.

"Gari ya nani hii?" aliuliza.

"Ya Nassor, Mama," Baba alisema.

"Mashaallah. Imetakata."

Hakuuliza zaidi. Labda hakuwa na nguvu, labda hakutaka kusikia jibu. Mama alimwingiza ndani. Baba alibaki uani, akachukua kanga kavu kambani, akaufuta ule mkono wa mama yake kwenye boneti kabla haujakauka. Nilikuwa nimesimama karibu yake. Alilaza kitambaa na kukivuta, kama alivyonifundisha. Nilidhani ndivyo inavyotakiwa.

Alipelekwa hospitali kwa pikapu ile ile. Daktari alisema moyo ulikuwa umechoka siku nyingi, na sasa kifua nacho kimeshika baridi. Hakumaliza wiki.

Ami Nassor alifika tumeshazika. Alilia mbele za watu bila ya kujificha, mtu mzima, kanzu nyeupe, na mimi nilimwonea huruma. Siku ya khitma, wanaume wakiwa barazani na wanawake ndani, alimgeukia Baba.

"Mama kaletwa na pikapu ya mchanga, na gari ipo?"

Baba alitazama vidole vyake vya miguu. Mama ndiye aliyejibu, amesimama mlangoni.

"Tulikupigia. Hukupatikana."

"Mimi? Simu yangu haizimwi, shemeji."

"Hukupatikana," Mama alirudia.

Ami aliitoa simu yake mfukoni na kuitazama, kama kwamba itamtetea. "Hata hivyo, kwani mimi ningekataa? Si mama yangu?" Mama aliniambia baadaye kwamba maneno ya namna hiyo ni mepesi kwa mtu aliyeshafiwa, na tangu siku hiyo hakupata kumtaja Ami kwa wema. Kila zawadi iliyokuja toka Maskati aliipokea kwa ncha za vidole.

Kabla ya kurudi alikokuwa, Ami alilizunguka gari. Alipitisha kidole kwenye paa, kwenye boneti, akainama akatazama hata chini ya vioo vya ubavuni. Akasema, "Umenitunzia, mdogo wangu. Haina hata doa." Nilimwona Baba. Alikuwa hajamaliza matanga ya mama yake, na uso ulimnawiri. Sijawahi kumwona hivyo tena, si siku ya harusi yangu, si siku alipozaliwa mwanangu wa kwanza. Niliona haya bila ya kujua nayaona kwa nini. Gari alipewa kaka wa mkewe Ami, akaliendesha mpaka ufukweni kupakia samaki, na chumvi ikalimaliza katika muda mfupi.

Utoto mzima nilijigamba kwa wenzangu kwamba Baba ni mtu wa amana, hagusi cha mtu. Nilipokua niligundua kwamba hakuna shekhe hata mmoja angemlaumu mtu kwa kumpandisha mama yake mgonjwa kwenye gari la mwanawe mwenyewe. Basi nikajiambia kwamba alimwogopa Ami, na nikamhurumia. Mama alikufa akiwa na kinyongo chake, na mimi nilikirithi. Ami akipiga simu siku za Idi humjibu kwa mkato, kisha nampa Baba.

Baba sasa ni mzee, anakaa kwangu. Siku ile ya siki, baada ya kusafisha jikoni, nilimpelekea chai barazani, naye aliinusa mikono yangu akatabasamu. "Unakumbuka?" alisema. Sijui nini kilinipanda. Nikamwambia ninachokumbuka ni Bibi kwenye godoro lililorowa, na kwamba Ami angepokea simu mambo yangekuwa mengine.

Aliiacha chai mpaka ikapoa. Kisha akasema, "Sikumpigia."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Nlisimama nyuma ya nyumba, simu mkononi. Nyumba yake, ada yako yake, hata mchele ulokuwa tumboni mwangu wake. Nkimpigia atakubali, tena pale pale, na itanipasa nimshukuru. Nlikuwa nshachoka kushukuru, Zule. Nkasema, atakuja aikute gari yake haijaguswa, na nitakuwa nimesimama mbele yake simdai wala hanidai."

Hapo ndipo nilipofahamu zile asubuhi zetu, maji yale na kanga zile, na uso wake ulionawiri. Nilifahamu pia kwamba Mama alimchukia bure mtu asiye na kosa mpaka akaingia kaburini, na Baba alimwangalia akichukia, akanyamaza. Nilikuwa na hasira ambayo sikuweza kuketi nayo. Nikasimama, nikamwambia Ami atapiga simu Idi hii, na safari hii ataniuliza mimi hali yangu, nami nitamweleza.

Baba akanishika mkono.

"Nakuomba, mwanangu," alisema. "Nakuomba usimwambie Nassor."

Neno lile lililomshinda siku ile nyuma ya nyumba alilitamka mara mbili, bila ya taabu yoyote.