Nilimwambia Kwamba Mwanawe Alikuja

Jumanne iliyopita tulimpoteza Mama Furaha, hapa Guildford, Sydney. Msibani kila mtu alisema neno lake, mimi nikanyamaza. Neno nililokuwa nalo linaniaibisha. Lakini wewe, mwanangu, unaanza kazi ya kutunza wazee wiki ijayo, basi acha nikuandikie.

Ninaukumbuka vizuri mchana ule. Sikuwa nimefika miaka thelathini, na mji huu nilikuwa bado naujifunza. Nilifanya kazi na Mama Furaha katika nyumba moja ya wazee upande wa Toongabbie. Kulikuwa na bibi mmoja kutoka Chile, tulimwita Señora. Kiharusi kilikuwa kimemwondolea Kiingereza chote, akabaki na lugha ya kwao, Kihispania. Akili zake zilikuwa timamu kabisa. Alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kiume, anayeishi Perth, na kila akiamka kutoka usingizi wa mchana aliniuliza neno moja: “¿Vino?” Yaani, alikuja?

Sisi tuliosoma Kifaransa kidogo kule Bukavu, neno hilo halikutusumbua, maana lugha hizo mbili ni ndugu. Kila siku nilijibu, “No vino.” Hakuja. Na kila siku niliuona uso wake ukizima.

Mchana ule nikachoka kuuona. Akauliza, nami nikamjibu, “Sí. Vino.” Nikamwonyesha kwa mikono kwamba mwanawe alimkuta amelala, akampapasa kichwa, akaenda zake. Señora akacheka, akanibusu vidole. Mama Furaha alikuwa akipita na mashuka, akanitania, “Eh, Neema! Umekuwa Muespanyoli leo?” Nilirudi nyumbani nikijiona mtu mwema.

Kesho yake Señora akakataa kulala. Akataka kiti chake kigeuzwe kielekee mlangoni. Kichwa kikimwinama, alishtuka na kujipiga shavuni. Siku ya tatu miguu yake ilikuwa imevimba, viatu haviingii, na nesi akasema moyo wake hautastahimili. Hakuna aliyejua kisa. Mimi nilijua: kwa maneno yangu, mwanawe alikuja akamkuta amelala, na Señora hakutaka kumkosa mara ya pili.

Nilimfuata Mama Furaha chumba cha kufulia, nikamweleza. Hakupaza sauti.

“Ulimuonea huruma.”

“Ndiyo, mama.”

“Huruma yako ndiyo ile imekaa pale kwa kiti, inachunga mlango kama sentinele. Nenda umwambie.”

“Mama, nenda wewe. Atanichukia.”

“Mimi? Ni kinywa changu kilimdanganya? Akikuchukia, utachukiwa. Miguu yake itapona.”

Nikaenda. Nilipiga magoti mbele ya kile kiti, nikasema, “No vino, Señora.” Nikajigusa kifua ajue ni mimi niliyesema uongo. Akanyoosha kidole kitandani. Nilipotaka kumshika mkono akauchomoa, ikabidi Mama Furaha aje amlaze.

Mwanangu, wazee walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ya siku tatu tu, na aliyeitembea ni mwingine. Utakutana na wengi wanaongoja mtu asiyekuja. Usiwape mgeni wa kubuni. Kaa nao, waache walie, ulie nao ukiweza. Na ukikosea, usimtume mtu mwingine akuombee radhi. Nenda mwenyewe, hata ukijua hutasamehewa. Sikuambii kwamba ukweli utakufanya upendwe. Mimi haukunifanya hivyo, na mpaka leo sijui kama mtu anaweza kuomba radhi vya kutosha kwa lugha ya maneno mawili.

Mungu aibariki mikono yako na akulinde ulimi. Akupe mkubwa wa kukukemea bila kukuaibisha, kama alivyonipa mimi.

Señora alilala mchana ule hadi jioni. Siku mbili hakupokea chakula mkononi mwangu. Siku ya tatu nikaenda na supu, nikakaa, nikangoja na kijiko. Akageuza uso kutoka ukutani, akafumbua kinywa. Nikamlisha, naye hakuniuliza, “¿Vino?”