Waliposema ni Maji

Polisi wa kike alininyang'anya mtoto pale wodini, plasta ya mguu wa mtoto hata haijakauka vizuri. Nikamwambia, "Madam, mshike chini na mgongoni. Usimwinue na makwapa, atavunjika."

Akanijibu mbele ya watu, "Wewe ndiye umemvunja, halafu unanifundisha kumbeba?"

Msichana wangu alikuwa bado ananyonya. Paja lilivunjika nikimvalisha suruali, nyumbani kwetu mtaa wa Rhonda. Daktari kijana alipoona kwa picha ya eksirei kwamba hata mbavu zilishawahi kuvunjika zikajiunga zenyewe, aliita polisi. Wifi yangu, tuliyekaa naye ploti moja, akawaambia nina mkono mwepesi wa kupiga. Mimi nikapelekwa selo, mtoto makao ya watoto.

Nimeona mabaya mengi, lakini hilo ndilo baya kuliko yote.

Mimi ni mzaliwa wa mashambani, upande wa Bahati. Nilivunjika mkono nikikamua nguo, nikavunjika mguu nikishuka kwa mkokoteni. Shule iliisha hivyo, kwa plasta. Watoto wenzangu waliniita Glasi. "Glasi, usipige chafya!"

Na meno yangu ni ya kahawia. Kwetu hiyo si ajabu, maji ya kisima yanaharibu meno ya watu wengi. Kwa hivyo daktari wa zahanati yetu kila nikipelekwa kwake alikuwa ananiambia nicheke. Anaangalia meno, amemaliza. "Ni maji. Yameingia mpaka kwa mfupa. Kunywa ya mvua." Mama akaweka mapipa chini ya mabati, nikanywa ya mvua mpaka nikaolewa, na bado nikavunjika. Hakuna siku alinituma nipigwe picha.

Msichana wangu akaota meno ya kijivu. Nikampeleka kwa yule yule wa zahanati. Akamfungua mdomo. "Ni maji."

Nikamuuliza, "Daktari, huyu ananyonya. Hayo maji ameyanywa wapi?"

"Mama, wewe ulisoma mpaka wapi?"

Nikafunga leso nikaenda.

Aliyenitoa selo ni daktari wa mifupa, mama mtu mzima, ambaye aliiona ile picha ya mbavu na hakuridhika. Aliagiza niletwe, mtoto pia aletwe. Akanivuta kope, akaangalia weupe wa macho yangu, ambao una ubluu kidogo tangu nizaliwe. Akauliza nimevunjika mara ngapi. Nilishindwa kuhesabu. Akasema tupigwe picha sote wawili, kichwa mpaka vidole.

Alizibandika kwenye taa, zangu kando ya za mtoto. "Mfupa ulioharibiwa na maji hutoka mweupe, mzito," akasema. "Mifupa yenu ni myembamba, mwanga unapita. Na hapa kisogoni, unaona vipande vipande kama matope yaliyokauka? Kofi halileti hii. Ni ugonjwa wa kuzaliwa nao, mama. Uko kwa damu yako, hata hayo meno ni huo, na mtoto ameurithi."

Damu ikapelekwa kupimwa, majibu yakasema vile vile.

Lakini siku hiyo ya picha aliona kingine. Alichukua ile picha ya kwanza ya mtoto, akailinganisha na mpya. "Huu mkono wa kushoto wa mtoto ulikuwa mzima. Umevunjika juzi juzi." Akamgeukia polisi aliyenileta. "Huyu mama alikuwa wapi?"

"Ndani," polisi akasema, akaangalia viatu vyake.

Nilirudishiwa mtoto. Wifi alikuja na sukari, hakuja na pole. Yule wa zahanati bado yuko pale, bado anawaambia watoto wa watu wacheke.

Mkono wa msichana wangu ulijiunga umepinda, na kikombe anakishika na wa kulia peke yake. Mimi niliulizwa mbele ya wodi nzima ni nani amevunja mtoto, nikafungiwa kwa hilo swali. Sasa nauliza mimi. Nilikuwa ndani, na nilikuwa nimewaambia mmbebe vipi. Huo mkono umevunjwa na nani? Polisi, makao, na wewe wifi uliyenisingizia, mmoja wenu anijibu.