Kibao cha Mwisho wa Lami

Herufi zilikuwa zimechakaa, lakini namba ilikuwa mpya. Hicho ndicho kitu cha kwanza alichokiona Qabale Doyo kwenye picha ile, kabla hajaiona barabara, wala nyasi, wala mbingu kubwa iliyofunika kila kitu. Mtu fulani alikuwa amefika na brashi, akaifunika namba ya zamani kwa kiraka cha rangi nyeupe, akaandika nyingine juu yake.

"Niliona kazi ya mkono," anasema. "Maneno yenyewe yalikuwa ya Kizungu, sikuyaelewa. Lakini nilijua kuna mtu alisimama pale."

Leo, saa moja asubuhi, aliyesimama ni yeye. Yuko nje ya nyumba ya mama yake, mtaa wa Bulla Pesa, ameinamia ubao mrefu kuliko yeye, uliolazwa juu ya mapipa mawili. Anausugua kwa msasa. Vumbi la mbao limemkaa kwenye nyusi. Mbuzi wa jirani amekuja kunusa kopo la rangi, naye anamsukuma kwa kiwiko bila kuinua macho.

Qabale ana miaka ishirini na sita, na ni mchora vibao. Ukipita mjini Isiolo utausoma mkono wake kabla hujamjua mwenyewe: kwenye hoteli za chai, kwenye bucha, kwa kinyozi wa karibu na msikiti, hadi mtaa wa Chechelesi. Kibao cha duka humpa shilingi mia na hamsini. Mwenye duka akitaka na picha ya ngamia, anaongeza hamsini.

"Sura za watu sichori," anasema. "Ngamia hawezi kuja kuniambia nimemzeesha."

Shule aliiacha darasa la tano, mwaka aliofariki baba yake. Si mtu wa maneno. Wateja wa mwanzo walidhani ni bubu, na mpaka sasa anayewapokea ni jirani yake Nakuam, mama wa Kiturkana anayeuza mkaa mlangoni mwake.

"Huyu ukimuuliza bei anaangalia miguu yake, kama bei imeandikwa kwa vidole," anasema Nakuam. "Mimi ndiye mdomo wake. Na silipwi."

"Unakunywa chai kila siku," Qabale anajibu, kichwa bado kiko chini.

"Chai! Mkaa ni wangu, maziwa ni ya mama yako. Wewe huleta nini?"

"Kikombe."

Nakuam anacheka mpaka anashika ukuta.

Ubao uliolazwa leo si wa duka. Umeagizwa na wafanyabiashara wa mji, wakiongozwa na Bedan Mbae, Mmeru mwenye duka la vyuma na rangi. Utasimikwa upande wa kaskazini, pale lami inapoishia, ng'ambo kidogo ya kizuizi cha polisi, ambapo barabara ya vumbi inaanza safari yake ya Marsabit na Merti. Utasema "Karibuni Isiolo". Na chini yake, kwa kuwa watu wanahesabiwa nchi nzima mwezi huu wa Agosti 1989, Bedan anataka iandikwe idadi ya watu.

Wazo la namba Bedan alilipata kwa Qabale mwenyewe. Siku moja akinunua rangi alimsimulia, kwa sauti ya kusikika na kopo tu, habari za kibao cha Marekani. Sasa anatamani angenyamaza.

Ilikuwa mwaka 1978. Qabale alikuwa akifua na kupiga pasi nyumbani kwa mwalimu wa kujitolea aliyefundisha sekondari, mwanamke wa Kimarekani aliyeitwa Edith. Juu ya kitanda chake Mwalimu Edith alikuwa amebandika picha ya kwao: barabara iliyonyooka, nyasi kavu, na kibao kimoja. Kaunti ya Hadley, kilisema. Na namba: 611.

Qabale alidhani ni hesabu ya ng'ombe. Kwenye karantini ya mifugo aliwahi kuona ng'ombe wa serikali wakipita mmoja mmoja na kupakwa rangi mgongoni, na hakujua kitu kingine ambacho mtu angeweza kukihesabu hadharani namna hiyo.

"Nikamuuliza, ng'ombe wenu ni hawa tu? Akacheka. Akaniambia, si ng'ombe, ni watu. Nikaogopa sana."

Kwa Waborana, mtu hahesabu watoto wake, wala hahesabu mifugo yake kwa sauti. Ukiwataja kwa namba umewaonyesha kwa jicho, na jicho halina huruma. Na hawa wa Hadley walikuwa wamewekwa njiani, wote, kila mpita njia awaone.

Kwa hiyo kila alipofagia chumba kile, Qabale aliigeuza picha ikatazama ukuta. Mwalimu Edith aliirudisha. Kesho yake ikageuka tena. Ilichukua muda kabla mwalimu hajauliza, na Qabale, akitazama miguu yake, akamwambia ukweli: alikuwa akiwaficha watu wake.

"Hakunicheka siku hiyo," anasema. "Alikaa kitandani. Halafu akaanza kunihadithia."

Alimhadithia kwa miezi, Qabale akipiga pasi ya makaa. Kaunti, alisema, ni kama wilaya. Hadley ni wilaya ya tambarare, yenye upepo usiolala. Mto wao hauendi baharini. Unatiririka wiki chache, kisha unazama mchangani na kuisha.

"Kama Ewaso Nyiro yetu inavyozama kwenye kinamasi cha Lorian," Qabale alimwambia.

Mwanzo, wilaya ile ilikuwa ya watu waliofuata nyati. Serikali ikawaondoa, ikawapeleka mbali, kwenye ardhi iliyowekewa mipaka. Wakaja wenye ng'ombe. Ikaja reli, na pamoja nayo wakulima. Kisha mvua ikagoma mwaka baada ya mwaka, udongo ukaruka ukawa wingu, mchana ukawa kiza. Waliobaki walikuwa wachache. Treni ikaacha kusimama. Shule ikafungwa kwa kuwa watoto hawakutosha darasa.

Qabale hakushangaa. Yeye mwenyewe alizaliwa mwaka vita vya shifta, kati ya serikali na waasi wa kaskazini, vilipoanza. Watu wao walikusanywa wakae kambini chini ya ulinzi, na mifugo ya baba yake, Doyo, ikaisha mbele ya macho yake. Walipoachiliwa hawakuwa na cha kuchunga. Ndivyo walivyofika Bulla Pesa, kwenye chumba cha kupanga.

Kitu kimoja tu kilimsumbua. Akauliza: mtu akifa Hadley, nani anakuja kubadilisha namba?

"Hakuna," alijibu Mwalimu Edith. "Watu wanahesabiwa kila miaka kumi. Hapo ndipo jirani yetu anachukua ngazi na brashi."

"Na aliyekufa katikati?"

"Anakaa kwenye kibao mpaka hesabu nyingine."

Mwalimu Edith aliondoka mwaka 1980, akamwachia picha, na brashi mbili. Picha sasa iko ukutani kwa Qabale, juu ya makopo ya rangi. Mama yake, Abiba, akipita huigeuza.

Abiba ana mvi chache na mgongo ulionyooka. Karani wa hesabu ya mwaka 1979 alipomuuliza ana watoto wangapi, alimjibu, "Mungu anawajua." Akamkaribisha chai. Karani akanywa, akauliza tena, akajibiwa vilevile. Mwishowe akaomba majina tu. Abiba akayataja bila haraka, na karani akahesabu kwa vidole chini ya meza, mama asimwone.

Jina la mwisho lilikuwa Godana.

Godana ni ndugu aliyemfuata Qabale kwa kuzaliwa. Alikuwa anaimba akichunga, anaimba akila, na aliwapa ng'ombe majina ya kuwatania jirani zake. Ukame wa 1984 ulipobana, alichukua ng'ombe wachache ambao familia ilikuwa imewapata tena baada ya miaka mingi, akaelekea kaskazini, ng'ambo ya kijiji cha Biliqo, alikosikia kuna majani. Mbele yao alitembea Diima, ng'ombe jike mwekundu aliyekuwa hakubali kumfuata mtu mwingine yeyote.

Mvua iliporudi, wachungaji walirudi. Diima naye alirudi, mbavu nje, katikati ya ng'ombe wa mtu mwingine. Mwenye ng'ombe hao alimkabidhi Abiba kamba yake, akanywa maji, akaaga. Hakuna aliyeuliza. Hakuna aliyesema.

Tangu hapo, jioni chai ikimiminwa, kuna kikombe kimoja cha bati kinachobaki tupu kwenye sinia.

Naye Qabale akaanza kwenda Hadley. Husafiri kwa mawazo, akiwa kazini, brashi mkononi, hasa kwenye herufi ndefu zinazotaka pumzi ya polepole. Hufuata ile barabara iliyonyooka mpaka kwenye kibao. Upepo unavuma. Mto unatiririka wiki zake chache, na wakati mwingine ni Ewaso Nyiro yenyewe, na majani ya Biliqo yamesimama hadi kiunoni, ya rangi ya asali. Hapo katikati ya majani mtu anaimba. Ng'ombe wake wanamfuata bila kuchapwa. Wenyeji wa Hadley wanatoka mlangoni kumtazama, wanafurahi kwamba kijana amekuja badala ya kuondoka.

"Kibao chao kilisema 611," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anatabasamu. "Nilikuwa najiambia, sasa ni 612."

Hapa nyumbani pia alijiambia jambo. Godana alihesabiwa mwaka 1979. Basi yumo kwenye namba, kwa haki yake, mpaka hesabu nyingine.

Hesabu nyingine ni Alhamisi hii.

Karani, mwalimu wa shule ya jirani, ameshapita kuwaarifu. Atauliza waliolala nyumbani usiku wa hesabu, na watoto wa mama, walio hai na waliokufa. Abiba alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia binti yake.

"Utajibu wewe. Wewe umesoma. Mimi sihesabu."

"Ayyo, mama yangu, nitasema nini?"

"Sema watu wote. Ndugu yako usimwache nje."

Huo ndio mzigo wa Qabale wiki hii, yeye ambaye bei ya kibao haimtoki mdomoni. Akisema Godana yuko malishoni, mama yake atalala. Akisema vinginevyo, kikombe kile kitabaki kwenye sinia kwa ajili ya nani?

Bedan Mbae anafika kabla ya saa tatu, kofia mkononi, kukagua ubao wake.

"Salaam aleikum, Mama Qabale."

"Aleikum salaam. Umekuja kututia bei?"

"Mama, serikali ndiyo inahesabu. Mimi natoa rangi tu."

"Mbuzi wa soko ndio wanaohesabiwa, Bedan. Watu wanasalimiwa."

"Si wanasalimiwa? Karibuni, kwa herufi kubwa! Lakini mgeni akitoka huko jangwani, siku mbili hajaona moshi, ajue amefika mahali pa watu." Anamgeukia Qabale. "Msichana wangu, namba usisahau. Majibu yakitoka, unaandika siku hiyo hiyo."

Qabale anaitikia kwa kichwa. Abiba anachukua mtungi na kwenda kupanga foleni bombani. Nakuam anamsindikiza Bedan kwa macho, kisha anamwambia rafiki yake, bila utani wowote, "Utafanya nini, dada?"

Hapo Qabale anaweka msasa chini. Anachovya brashi nyembamba kwenye rangi nyekundu, na mahali patakapokaa namba, juu ya mbao tupu, anaandika kwa herufi zake nzuri kuliko zote: Godana Doyo. Kando yake anachora ng'ombe mdogo, pembe zake zikitazama kaskazini.

"Ikikauka napaka nyeupe juu," anaeleza. "Halafu namba. Baada ya miaka kumi atakuja mtu mwingine na kiraka chake, na baada yake mwingine. Wote watakuwa wanaandika juu yake. Hawawezi kumtoa."

Mpango wake baada ya hapo ni mdogo. Angependa kupata chumba chenye dirisha, na kibao cha pili, upande wa nyuma, kwa wanaoondoka. Wa Hadley, anakumbuka, waliusahau upande huo. Yeye ataandika "Nagaa", yaani amani, kwa Kiborana na Kiswahili, ili anayeelekea kwenye vumbi awe ameagwa na mtu.

Lakini kwanza ni Alhamisi. Nakuam anamwambia ajaribu sasa, mama yake akiwa bombani; ajifanye karani yuko mbele yake.

"Haya," anasema Nakuam, na anakaza sauti. "Watoto wa Abiba?"

Qabale anatazama miguu yake. Kisha anautazama ubao, jina jekundu ambalo bado ni bichi, mbuzi wa jirani akilinyemelea.

"Tulizaliwa watano," anasema kwa sauti ambayo hata wapita njia wanaisikia. "Tumebaki wanne. Godana amekufa."