Damu Isiyotakiwa Kupoa

Fundi wa sare za shule alijua kidole kimekufa ganzi siku alipokishona. Sindano ya cherehani ilipita kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kulia, naye akaendelea kukanyaga pedali.

"Wewe! Unatia nakshi nyama?" wifi yake akapiga kelele kutoka mashine ya pili.

Alitazama damu kwenye kola nyeupe. Hakusikia maumivu, wala hakushtuka. Aliwaza tu kwamba matundu ya vifungo hushonwa kwa mkono, na ndiyo kazi inayomweka mjini.

Madoa mekundu yalikuwa yamemjaa miguuni. Hospitalini daktari aliyabonyeza, hayakufifia. Kipimo cha damu kilionyesha homa ya ini aina ya C, ya miaka mingi. Daktari alishuku kwamba virusi vimeivimbisha mishipa ya damu, na neva zinakosa chakula. Kabla ya kuamua tiba, alitaka kipimo cha protini zinazoganda damu ikipoa. Majibu yakaja: hakuna. Wakarudia: hakuna.

"Basi hakuna," fundi akasema, akavaa viatu.

Bibi wa maabara ndiye aliyemuuliza tarishi aliyeleta damu ya fundi kwamba sampuli zilisafirije.

"Kwenye barafu, mama, kama zote," akajibu kwa fahari ya mtu asiyewahi kuozesha chupa.

"Masikini baba wewe! Hii ndiyo pekee isiyotaka baridi. Protini ziliganda njiani, sisi tukazitenga pamoja na mabaki ya damu iliyoganda, tukayatupa."

Mara ya tatu fundi alitolewa damu mlangoni mwa maabara, chupa ikazamishwa kwenye chupa ya chai yenye maji vuguvugu. Protini zikaonekana.

Alipewa vidonge vya kuua virusi kwa wiki kumi na mbili, na dawa ya kushusha uvimbe kwa muda mfupi.

"Na ganzi?" aliuliza.

"Virusi vitaondoka," daktari akasema. "Neva hazina haraka. Nyingine hazirudi."

Virusi viliondoka. Madoa yakabaki rangi ya kahawia. Kidole gumba, nacho kilichokuwa na ganzi, kilirudi kwa kuchomachoma. Cha shahada, kimya. Alijaribu tundu moja la kifungo, uzi ukalegea bila yeye kujua.

"Si ushone kwa macho," wifi akasema.

"Macho hayavuti uzi, wifi yangu."

Fundi akamsogezea wifi rundo la mashati yanayosubiri matundu. Yeye akachukua mkasi, akatazama kwanza kidole kiko wapi, ndipo akakata.